Safu Isiyo Kwenye Daftari: Ugonjwa wa Kawasaki na Watoto wa Shela

Mzazi anayesikia kwa mara ya kwanza habari za ugonjwa wa Kawasaki huuliza swali moja, awe anakaa Nairobi, Mombasa au Shela: kama maradhi hayo yako Kenya, mbona hatujamwona mtoto aliyeyaugua? Waliougua ukambi tunawajua. Wa malaria tunawajua, wa kifafa tunawajua, hata wa pepopunda wazee wanawakumbuka. Wa Kawasaki yuko wapi?

Swali hili ni la haki, na jibu lake halipatikani kwa kumwangalia mtoto mmoja mmoja. Linapatikana kwa kuhesabu. Elimu ya kuhesabu maradhi, ya kujua nani anaugua, wapi, lini na wangapi, ndiyo inayoitwa epidemiolojia. Sura hii inaitumia elimu hiyo kwa ugonjwa mmoja na inaanzia kijiji kimoja: Shela, kwenye kisiwa cha Lamu, ambako mgonjwa hubebwa kwa punda au kwa boti kabla hajalifikiria gari.

Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji ajue tunakokwenda. Ugonjwa wa Kawasaki uko Kenya. Ni adimu, lakini si adimu kiasi hicho tunachodhani. Sehemu kubwa ya uadimu wake imetokana na daftari zetu, na watoto wanaoumia kwa sababu hiyo ni watoto ambao dawa yao inajulikana.

Ugonjwa wenyewe

Mwili ukishambuliwa, hujikinga kwa kuwaka: damu hukimbilia mahali palipoguswa, pakawa pekundu, pakapata moto, pakavimba, pakauma. Hali hiyo madaktari huiita inflamesheni. Kwenye kidonda cha mguu inflamesheni ni msaada. Katika ugonjwa wa Kawasaki huwaka mahali pasipostahili, yaani kwenye kuta za mishipa ya damu, na mishipa inayopenda kuumia zaidi ni ile myembamba inayoulisha moyo wenyewe damu.

Wanaougua ni watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka mitano. Wavulana huugua zaidi kuliko wasichana, karibu watatu kwa wawili. Mtoto hamwambukizi mwenzake, kwa hiyo hakuna haja ya kumtenga na ndugu zake wala kumfichia kijiko. Kinachouwasha ugonjwa bado kinatafutwa. Wataalamu wengi wanaamini ni kijidudu fulani, pengine zaidi ya kimoja, kinachomwingia mtoto ambaye mwili wake kwa urithi huitikia kwa nguvu kupita kiasi.

Hakuna kipimo cha damu kinachosema ndiyo au la. Daktari huutambua kwa kuona. Dalili kuu ni homa ya siku tano au zaidi isiyoshushwa na dawa za kawaida, pamoja na angalau nne kati ya hizi:

– macho yote mawili kuwa mekundu, bila usaha wala matongotongo;
– midomo mikavu, myekundu, iliyopasuka, na ulimi mwekundu wenye vipele;
– upele mwilini;
– viganja na nyayo kuvimba na kuwa vyekundu, kisha ngozi ya ncha za vidole kuambuka wiki ya pili au ya tatu;
– tezi ya shingo kuvimba, mara nyingi upande mmoja.

Wapo watoto, hasa wachanga, wanaopata dalili mbili au tatu tu, na moyo wao ukaumia vilevile. Madaktari wanaujua kama Kawasaki usiokamilika. Hao ndio huponyoka hata mikononi mwa mabingwa.

Kuna alama moja zaidi ambayo haimo kwenye orodha kuu ila kwetu ina thamani kubwa. Karibu kila mtoto wa Kenya hupigwa chanjo ya kifua kikuu, BCG, anapozaliwa, kwenye mkono wa kushoto, sehemu ya mbele chini ya kiwiko. Hubaki kovu dogo la mviringo. Kwa baadhi ya watoto wachanga wenye Kawasaki, kovu hilo lililokwisha kupona miezi mingi huamka: huwa jekundu, huvimba, na pengine hutoa gamba. Ni maradhi machache sana yanayofanya hivyo. Katika nchi zisizotoa BCG kwa watoto wote, daktari hana alama hiyo. Sisi tunayo, kwenye mkono wa karibu kila mtoto, na ni aibu kuiacha bila kuitazama.

Wiki tatu za mtoto mmoja

Tumchukue mtoto wa mfano, mvulana wa miaka miwili, nyumba yao iko nyuma ya msikiti, Shela. Siku ya kwanza anapata homa kali. Anapewa dawa ya maji ya kushusha homa. Inashuka saa mbili, inapanda tena. Siku ya pili anapelekwa zahanati. Kipimo cha haraka cha malaria kinasema hana. Anapewa antibiotiki, kwa kuwa koo ni jekundu. Uamuzi huo wa siku ya pili hauna kosa. Muuguzi yeyote makini angeufanya.

Siku ya nne upele unatokea kifuani. Nyanya yake anasema ni ukambi. Jirani anasema ni dawa imemkataa. Antibiotiki inasimamishwa, na kwa kuwa mtoto analia usiku kucha na hataki kushikwa, linaletwa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, anywe, na anasomewa. Siku ya sita macho ni mekundu, midomo imepasuka mpaka inatoa damu, hataki uji wala maziwa. Kwenye ngozi nyeusi upele wenyewe hauonekani kwa wekundu kama picha za vitabu vya Ulaya zinavyoonyesha. Huonekana kama ukavu, vipele vidogo, au weusi uliozidi. Mama huuhisi kwa kiganja kabla hajauona kwa jicho.

Siku ya kumi na mbili, kumi na tatu, homa inaondoka yenyewe. Mtoto anakula. Nyumba inashukuru. Wiki moja baadaye ngozi ya ncha za vidole inaanza kuambuka kutoka ukingoni mwa kucha, vipande kama karatasi nyembamba, na mama anampaka mafuta ya nazi. Mtoto amerudi kucheza mchangani.

Kwa macho ya kila mtu amepona. Lakini kati ya watoto wasiotibiwa, takriban mmoja katika kila wanne au watano hubaki na madhara kwenye mishipa ya moyo: ukuta wa mshipa hulegea, ukatuna kama kifuko. Ndani ya kifuko hicho damu inaweza kuganda, na bonge la damu likiziba mshipa, moyo hukosa chakula. Hayo huweza kutokea baada ya wiki chache. Huweza pia kutokea akiwa kijana wa miaka ishirini, anacheza mpira, na anaanguka uwanjani. Watu watasema ajali, watasema jicho, watasema ahadi yake imefika. Hakuna atakayeikumbuka homa ya utotoni.

Na zahanatini kuliandikwa nini? Siku ya pili: maambukizo ya njia ya hewa. Kama alirudi siku ya tano: mzio wa ngozi. Mtoto mmoja, ugonjwa mmoja, majina mawili, na hakuna hata moja lililo la ugonjwa wenyewe.

Kwa ufupi: ugonjwa huu huonekana kwa dalili zinazopita, huondoka wenyewe kwa nje, na huacha madhara ndani. Maradhi ya namna hiyo hayahesabiki mahali ambapo hakuna anayeyatafuta.

Waliohesabu wamepata nini

Januari 1961, mjini Tokyo, daktari wa watoto Tomisaku Kawasaki alimpokea mvulana wa miaka minne mwenye dalili ambazo hakuzipata katika kitabu chochote. Alimruhusu kwenda nyumbani bila kujua jina la maradhi yake. Mwaka uliofuata akamwona wa pili, naye akaanza kuandika. Mwaka 1967 alichapisha taarifa za watoto 50. Wakubwa wengi wa taaluma walimpinga; walisema ni maradhi ya zamani yaliyovaa sura nyingine. Alichofanya yeye na wenzake ni kuhesabu. Mwaka 1970 Japani ilifanya uchunguzi wa kwanza wa nchi nzima, ukiuliza hospitali kote nchini, na hapo ndipo ilipobainika kwamba wako watoto waliokufa ghafla kwa moyo baada ya kuonekana wamepona. Uchunguzi huo umerudiwa kila baada ya miaka miwili tangu hapo.

Ninamsifu Kawasaki kwa ustahimilivu kuliko kwa akili. Alikaa miaka sita akiweka karatasi moja juu ya nyingine kabla hajaidai dunia imsikilize. Alifariki Juni 2020 akiwa na miaka 95.

Hesabu za nchi huelezwa kwa kiwango cha wagonjwa wapya: katika watoto 100,000 walio chini ya miaka mitano, wangapi huugua kwa mwaka mmoja? Japani, mwaka 2019, walikuwa zaidi ya 300. Marekani ni karibu 20. Uingereza na Ireland, uchunguzi wa miaka ya 2013 hadi 2015 ulipata chini kidogo ya 5.

Tofauti hiyo ilizaa dhana kwamba huu ni ugonjwa wa Asia ya Mashariki, nasi tuendelee na yetu. Visiwa vya Hawaii vilisaidia kuipima dhana hiyo. Huko watoto wenye asili ya Kijapani huugua karibu kama watoto wa Japani, zaidi ya 200 katika 100,000, wakati Wazungu wa visiwa hivyo hivyo, wanaokunywa maji yale yale na kupumua hewa ile ile, hawafiki 20. Kwa hiyo urithi una sehemu yake. Lakini itazame Marekani kwa jumla: watoto wenye asili ya Asia wanaongoza, na wanaofuata ni watoto weusi, wakiwazidi Wazungu. Hapo dhana yetu inavunjika. Mtoto mwenye asili ya Afrika, akizaliwa mahali penye madaktari wanaoutafuta ugonjwa huu, hupatikana nao mara nyingi kuliko mtoto wa Kizungu. Sioni sababu ya kuamini kwamba akizaliwa Afrika atakuwa na kinga ya pekee.

Upepo nao umeingia katika habari hii, jambo ambalo mtu yeyote wa Lamu atalisikiliza kwa makini, kwa kuwa maisha ya Shela yamepangwa kwa kaskazi na kusi tangu enzi za majahazi. Japani wagonjwa huongezeka majira ya baridi, kilele kikiwa Januari, kisha huongezeka tena kiangazi. Mwaka 2011 kundi la watafiti lilionyesha kwamba vipindi vya ongezeko kubwa viliendana na pepo zinazovuma kutoka Asia ya kati. Je, upepo hubeba kitu? Ni wazo la kufuatiliwa, halijawa uthibitisho. Ushahidi wenye nguvu zaidi ulikuja bila kutafutwa. Mwaka 2019 Japani ilihesabu wagonjwa zaidi ya 17,000. Mwaka 2020, shule zilipofungwa na watu wakavaa barakoa kwa sababu ya korona, walishuka hadi kiasi cha 11,000. Upepo haukusimama mwaka ule. Kilichopungua ni watoto kuambukizana vijidudu vya kawaida.

Mwaka huo huo wa 2020 madaktari wa Bergamo nchini Italia na wa London waliona jambo la kutisha: wiki chache baada ya wimbi la korona, walikuja watoto wenye homa, macho mekundu na moyo ulioumia, ugonjwa unaofanana na Kawasaki bila kuwa wenyewe. Katika kundi la kwanza lililotangazwa London, wengi walikuwa wa asili ya Afrika na Karibi. Madaktari hao waliutambua haraka kwa sababu walikuwa na hesabu ya kulinganisha. Bergamo walijua katika mwaka wa kawaida huona wangapi. Walipoona wengi kupita kiasi, walipiga kelele. Asiye na hesabu ya mwaka wa kawaida hawezi kujua mwaka usio wa kawaida umefika.

Hesabu ya kalamu kwa Lamu

Tufanye hesabu inayoweza kufanyika nyuma ya bahasha. Sensa ya 2019 iliipata Kenya na watu 47,564,296. Mtoto wa chini ya miaka mitano ni takriban mtu mmoja kati ya kila wanane, basi ni kama watoto milioni sita kasoro kidogo. Tukichukua kiwango cha chini, kile cha Uingereza, tungetarajia wagonjwa wapya kama 300 kila mwaka. Tukichukua cha Marekani, wanakaribia 1,200.

Wangapi wameandikwa? Dkt. Angela Migowa, bingwa wa magonjwa ya inflamesheni na viungo kwa watoto katika Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ni miongoni mwa waliokusanya na kuchapisha taarifa za wagonjwa wa Kawasaki wa Kenya. Ni kazi ya thamani. Inafunga mjadala wa kama ugonjwa uko nchini. Ila ni taarifa za hospitali ya jiji kuu, hospitali yenye mabingwa na mashine za moyo, na wagonjwa wanahesabika kwa makumi, kwa miaka kadhaa. Kati ya makumi hayo na mamia ya kila mwaka kuna pengo, na ndani ya pengo hilo wamo watoto.

Sasa tushuke Lamu. Sensa ile ile iliipa kaunti watu 143,920, yaani watoto wadogo kama 18,000. Kwa kiwango cha Uingereza ni mtoto mmoja kila mwaka kwa kaunti nzima, kutoka Kiunga hadi Witu. Kwa kiwango cha Marekani ni watatu au wanne.

Na kijiji? Kijiji chenye watoto wadogo 500 kitapata mgonjwa mmoja kila miaka 40 kwa kiwango cha kwanza, au kila miaka 10 kwa cha pili. Tafakari maana yake. Mama mmoja, mkunga mmoja, muuguzi mmoja anayehamishwa kila miaka mitatu, hawezi kuujua ugonjwa huu kwa uzoefu. Ukambi nyanya anautambua kutoka mlangoni kwa sababu ameuona kwa watoto wake na wa jirani zake. Huu hatapewa nafasi hiyo. Hapo hekima ya kijiji, ambayo mimi naiheshimu sana, inafika mwisho wake bila kosa la mtu yeyote, na inahitaji kuazima macho ya nchi nzima.

Mwaka ambao Lamu ilihesabiwa

Lamu si mgeni wa epidemiolojia. Mwaka 2004 kisiwa kilikumbwa na homa iliyokunja watu viungo. Wagonjwa walijaa hospitali, wengi wakitibiwa malaria bila nafuu. Uchunguzi wa maabara ukabaini ni chikungunya, ugonjwa unaoenezwa na mbu. Oktoba mwaka huo watafiti walichukua damu za watu wasiofika 300 kisiwani na kukuta kwamba 75 kati ya kila 100 walikuwa wameambukizwa. Walikadiria kuwa watu 13,500 hivi wa kisiwa walipata virusi hivyo. Miezi iliyotangulia ilikuwa mikavu kupita kawaida, watu wakaweka maji majumbani muda mrefu bila kuyabadilisha, na mbu wakapata pa kuzalia. Mlipuko ule haukuishia Lamu. Ulifika Komoro, ukafika Réunion, ukafika India.

Ninautaja kwa sababu unatufundisha namna ya kuhesabu inavyobadilika kulingana na kinachohesabiwa. Ugonjwa uliowapata watatu kati ya kila wanne utaujua kwa kupima watu 300 wowote. Ukipima watoto 300 wa Lamu kutafuta Kawasaki, utarudi mikono mitupu, ukaandika hakuna, na utakuwa umesema uongo kwa nia njema. Mvuvi aliyetega jarife hawezi kuapa kwamba bahari haina uduvi.

Ugonjwa adimu huhesabiwa kwa njia nyingine: wengi wakiangalia kidogo kidogo, kwa muda mrefu, na wote wakipeleka taarifa mahali pamoja. Tangu 1986 madaktari wa watoto wa Uingereza wamekuwa na utaratibu wa kuulizwa kila mwezi: katika orodha hii ya maradhi adimu, mmeona lipi? Jambo la maana ni kwamba hata asiyeona hujibu. Hutia alama kwenye nafasi ya hakuna. Hivyo ndivyo walivyopata ile hesabu ya chini ya 5 niliyoitaja.

Sifuri mbili

Ziko sifuri za aina mbili. Ya kwanza ni ya mtu aliyetazama asione. Ya pili ni ya mtu asiyetazama. Kwenye karatasi zinafanana, na huo ndio ugumu wote wa maradhi adimu.

Kenya inaujua ugumu huo na imewahi kuushinda. Katika kupambana na polio, wahudumu wa afya hawaulizwi kama wameona polio. Wanaulizwa kama wameona mtoto yeyote aliyelegea mkono au mguu ghafla, kwa sababu yoyote. Kila mahali duniani wako watoto wachache wanaolegea hivyo bila polio. Kipimo cha msingi cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba eneo linalotazama vizuri litapata angalau mmoja kati ya kila watoto 100,000 walio chini ya miaka 15 kwa mwaka, na nchi zilizo hatarini hutakiwa kupata zaidi ya hapo. Eneo likileta sifuri, halipongezwi. Linaulizwa: mmetazama?

Lamu, jirani wa Somalia, inaujua utaratibu huo vizuri. Wahudumu wa afya ya jamii wamefundishwa, sampuli husafirishwa kwa barafu kutoka visiwani hadi Nairobi. Kwa hiyo sikubali mtu aniambie kwamba ugonjwa adimu hauwezi kutafutwa mahali penye bahari na punda. Umetafutwa. Kilichofanya utafutwe ni uamuzi, mafunzo, na fomu yenye nafasi ya kuandikia.

Fomu ndiyo penye kasoro kwa upande wa Kawasaki. Kila mwezi zahanati za Kenya hujaza fomu ya wagonjwa wa nje walio chini ya miaka mitano, iitwayo MOH 705A. Ina safu ya kuhara, ya malaria, ya nimonia, ya maambukizo ya njia ya hewa, ya kuumwa na nyoka. Kawasaki haina safu. Muuguzi hodari wa kijijini anayeshuku ugonjwa huu atamwandika mgonjwa wake chini kabisa, katika maradhi mengine yote, na hapo jina linapotea njiani kabla ya kufika wizarani.

Siku kumi na bahari

Msomaji anaweza kusema: mtoto mmoja kwa mwaka katika kaunti yenye uhaba wa kila kitu, je, tumshughulikie yeye au mamia wa nimonia? Nisingeandika sura hii kama ugonjwa huu hauna tiba. Unayo, tena nzuri. Ni kinga ya mwili iliyochujwa kutoka damu ya maelfu ya wachangiaji, inayoitwa imunoglobulini, ikitiwa taratibu kwenye mshipa kwa saa kumi hadi kumi na mbili, pamoja na aspirini kwa usimamizi wa daktari. Ikitolewa ndani ya siku kumi za mwanzo wa homa, watoto wanaobaki na vifuko kwenye mishipa hushuka kutoka karibu 25 katika kila 100 hadi 4 au 5. Kuna maradhi makubwa mengi ya moyo tunayotamani yangekuwa na kinga ya namna hiyo.

Hizo siku kumi ndizo zinazoumiza Shela. Tano za kwanza mara nyingi hupita kabla ugonjwa haujatambulika. Zinabaki tano. Katika hizo tano mtoto atoke zahanatini Shela, apande boti hadi hospitali ya King Fahd mjini Lamu, avushwe Mokowe, kisha ashike barabara ya Witu na Garsen, ambayo kwa miaka mingi magari yamepita kwa ulinzi wa askari, hadi Malindi na Mombasa, kwenye kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti kinachoitwa eko, na kwenye dawa yenyewe. Dawa hutolewa gramu 2 kwa kila kilo ya mtoto. Wa kilo 12 anahitaji gramu 24, hutunzwa kwa ubaridi, na bei yake huzishinda familia nyingi. Uwanja wa ndege uko Manda, ng'ambo tu ya Shela, boti dakika chache. Ndege inakuwa karibu kuliko nauli yake.

Ndiyo maana nasisitiza kuhesabu. Dawa ghali hununuliwa na kuwekwa akiba kwa hesabu. Kaunti haiwezi kuomba imunoglobulini ya ugonjwa ambao taarifa zake zinasema haupo, wala bima ya umma haiwezi kupanga kumlipia mtoto ambaye haonekani kwenye orodha. Sifuri ya daftari huzaa sifuri ya kabati la dawa.

Kwa ufupi: makadirio ya chini kabisa yanaipa Kenya mamia ya wagonjwa kwa mwaka na Lamu angalau mmoja, tiba ipo na ina mpaka wa siku kumi, kinachokosekana kwanza ni mtu wa kushuku siku ya tano, na mahali pa kuandika alichoshuku.

Yanayowezekana sasa

Kwa mzazi, mambo ni machache. Homa ikifika siku ya tano, mtoto asibaki nyumbani hata kama kipimo cha malaria kimekuwa safi na antibiotiki haijaisha. Andika tarehe homa ilipoanza, ukutani au kwenye kitabu cha kliniki, kwa maana ndilo swali la kwanza la daktari na ndilo linalosahauliwa. Piga picha ya macho, ulimi, viganja na upele kila siku. Dalili za Kawasaki hazikubaliani kutokea siku moja, na ya Jumatatu huenda ikawa imefutika Alhamisi. Tazama kovu la chanjo. Usimpe aspirini kwa shauri lako mwenyewe, kwani kwa mtoto mwenye homa ya virusi inaweza kudhuru ubongo na ini. Kombe na dua havigombani na hospitali, mradi mtoto awe njiani wakati vinasomwa. Na kama ametibiwa kwa imunoglobulini, mwambie muuguzi wa chanjo, kwa sababu chanjo ya ukambi huahirishwa miezi kumi na mmoja ipate kufanya kazi.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake alipita haya zamani na vidole vikaambuka: hujachelewa kuomba apimwe moyo kwa eko.

Kwa afisa wa kliniki na muuguzi wa visiwani, na kwa idara ya afya ya kaunti, ombi langu ni dogo. Wakati safu rasmi inasubiriwa kutoka Nairobi, kaunti inaweza kufungua daftari moja la homa za watoto zilizozidi siku tano, kila kituo kikaripoti kila mwezi, na kisichoona kikaandika hakuna. Mtoto wa kwanza atakayeandikwa humo, wa Shela, Faza au Mpeketoni, apigiwe simu Mombasa siku hiyo hiyo.